Maua ya porini hayataki samadi

Ukitaka kuotesha maua ya porini nyumbani, samadi iache kule kule kwenye mboga. Najua inakwenda kinyume na mazoea, maana wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba bustani nzuri ni udongo ulioshiba. Haya maua lakini yamezoea kujitafutia: kando ya njia, kwenye kokoto, kwenye miteremko ambako hata nyasi hukosa nguvu. Udongo ukinona, wa kwanza kunufaika ni nyasi na magugu. Yanakimbia juu, yanayanyima maua mwanga, na maua yatakayonusurika yanarefuka na kulegea, majani tele, uchanuaji haba, upepo kidogo tu yamelala. Kwangu mimi sehemu inayochanua kuliko zote ni ile yenye changarawe ambayo maharage yaliikataa.

Shughuli kubwa iko kabla hujafungua pakiti ya mbegu. Kila konzi ya udongo ina mbegu za magugu zilizolala zikisubiri kuona mwanga, na zina subira kuliko wewe. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alizika chupa 20 zenye mchanga na mbegu huko Michigan, Marekani, ili zifukuliwe moja moja kadiri miaka inavyokwenda. Ile iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu za Verbascum, mmea wa porini, zilizoota. Popi nyekundu zilizotapakaa kwenye viwanja vya vita vya Flanders, Ubelgiji, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zilipata nafasi kwa njia hiyo hiyo: mahandaki na mabomu yaliupindua udongo, mbegu zikaona mwanga. Kwa hiyo kila unapolima kwa kina, jua kuna waliolala unaowaamsha.

Mimi hufanya hivi. Nang'oa kila kitu na mizizi yake, nasawazisha kwa reki, kisha namwagilia kana kwamba nimeshapanda. Ila sipandi. Baada ya wiki 2 au 3 magugu yanakuwa yameota, bado machanga. Nachagua siku ya jua kali, nayaparura juu juu kwa jembe la palizi, sentimita 2 hivi, si zaidi, yakaukie pale pale. Halafu namwagilia tena na kusubiri tena. Raundi ya pili yanatoka machache. Ukijikaza ukaenda ya tatu, palizi ya msimu mzima umeipunguza. Ndago ni kesi nyingine. Kuiparura juu ni kuipogoa tu, itarudi; chimba mpaka uvitoe vile vinundu vyake.

Kuhusu mbegu, pakiti yenye picha nzuri isiyotaja majina ya mimea mimi siinunui. Ua la bustani la huku linaweza kuwa gugu la kule: lupini zilipelekwa New Zealand kama maua ya kupendezesha, leo zimevamia changarawe za mito. Tafuta ya asili ya eneo lako, na usiende kuvuna kwenye hifadhi.

Mbegu zote hazitendewi sawa. Zile za jamii ya kunde, kama lupini, zina ganda gumu. Zisugue kidogo kwa msasa au ziloweke usiku kucha. Asubuhi zilizovimba ziko tayari. Zilizobaki kama kokoto zirudie msasa. Nyingine, kama za maua yaitwayo Echinacea na Asclepias, zimezoea kupitia baridi kabla ya kuota, hivyo zichanganye na mchanga wenye unyevu kidogo, ziweke kwenye friji (si kwenye sehemu ya kugandisha) wiki 4 hadi 6. Kosmosi haina makuu, mwaga tu.

Kumwaga nako kuna ufundi wake. Mbegu za popi ni vumbi tupu. Ukizishika kwa vidole zote zinaanguka mahali pamoja. Kadiria gramu 3 hadi 5 za mbegu kwa mita moja ya mraba, uzichanganye na mchanga mkavu mara kadhaa ya wingi wake. Mchanga unazisambaza, na weupe wake unakuonyesha ulipopita na uliporuka. Gawa mchanganyiko mafungu mawili: la kwanza limwage ukitembea kwa urefu wa tuta, la pili kwa upana. Usifukie, maana mbegu nyingi ndogo, popi zikiwemo, zinahitaji mwanga ili ziote. Weka ubao juu na uukanyage, au tembea taratibu na viatu bapa, zikamatane na udongo. Maji yawe ya manyunyu. Yakitoka kwa kishindo yatazikusanya zote pembeni. Wakati mzuri ni ule ambao udongo wa kwenu hukaa na unyevu wenyewe kwa wiki kadhaa mfululizo.

Sasa inakuja sehemu inayowashinda wengi: kutofautisha mche na gugu. Siku unayomwaga mbegu tutani, otesha chache za kila aina kwenye kopo lenye mchanga safi, uandike jina. Hicho ndicho kitabu chako. Kosmosi hutoka na majani mawili membamba marefu, na yanayofuata yamechanika kama nyuzi. Popi hutoka ndogo mno, vijani viwili vyembamba kama sindano, mpaka uiname ndipo uvione. Usipokuwa na uhakika, using'oe. Ukiwa na mimea ya miaka mingi, mwaka wa kwanza mingi hukaa chini ikitengeneza mizizi, majani tu yametandaa ardhini. Watu huiona haina faida, wanailima. Ndiyo maana napenda kuichanganya na ya msimu mmoja, macho yapate cha kuangalia.

Mwisho wa msimu bustani itachakaa, na atakuja mtu kukuambia ufyeke. Subiri mbegu zikomae. Vitumba vya mbegu za popi vikikauka vinafungua vitundu vidogo chini ya kofia. Kitikise sikioni, kikilia kama kayamba, kipindue juu ya bahasha ya karatasi. Plastiki hapana, inafuga unyevu na ukungu. Maganda ya lupini hujipinda na kupasuka yenyewe, kwa hiyo yafunge mfuko wa karatasi mapema. Ukishafyeka, acha mabua chini siku chache yadondoshe mbegu zilizobaki, kisha yaondoe yote. Ukiyaacha yaozee hapo, umerudisha mbolea kwa mlango wa nyuma.

Na jirani akikuomba miche ya popi, mpe mbegu. Mzizi wake ni mmoja unaozama moja kwa moja, ukikatika wakati wa kung'oa mche huo ni wa kutupa. Ya kosmosi mpe tu, ikiwa bado midogo na ikihamishwa jioni, itashika.