Re: Nimesahau nenosiri la Ubuntu (mfumo endeshi), kompyuta ya duka Kirumba

Pole sana ndugu yangu. Umesema kijana aliyekuwa na nenosiri ameondoka, na fundi anataka kufuta kila kitu. Usikubali! Madeni ya wavuvi mliowakopesha nyavu yamo humo, na yanaokolewa bila kufuta chochote.

Washa upya, ubonyeze Esc mara moja (mashine za zamani, shikilia Shift) hadi menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo wa kuwasha) itokee. Bonyeza e. Tafuta mstari unaoanza na linux, neno ro ulifanye rw, ondoa quiet splash, na mwishoni mwa mstari huohuo ongeza init=/bin/bash. Kisha bonyeza Ctrl+X ili iwake. Usiogope kukosea, mabadiliko hayo ni ya kuwasha huko kumoja tu.

Ukiona alama ya #, andika passwd na jina la mtumiaji (kama hulijui, ls /home itakuonyesha), halafu nenosiri jipya mara mbili. Herufi za nenosiri hazionekani unapoziandika, ndivyo ilivyo. Maliza kwa kuandika sync (kuhifadhi), halafu reboot -f (kuwasha upya).

Ila kama diski ilifungwa kwa LUKS (njia ya kusimba diski nzima), bila nenosiri la diski yenyewe njia hii haitakufikisha popote. Muulize yule kijana kwanza.