Nairobi hadi New York: mama atakaa angani kwa saa ngapi?

Dada, tiketi ya mama inaonyesha anaondoka JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) 23:55 na kufika JFK (wa New York) 06:55, nawe unajiuliza safari ndefu hivyo itaishaje kwa saa saba. Haiishi kwa saa saba. Kila muda ulioandikwa ni wa saa za mahali husika, na majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Jumlisha, unapata saa 15 za kukaa kitini. Ni takriban kilomita 11,800 bila kutua popote. Tarehe ikisogezwa hadi kiangazi cha New York, hesabu upya, maana tofauti hupungua ikawa saa 7.

Kurudi ni kama saa 14, kwa sababu huko juu kuna upepo mkali unaovuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege.

Ila kwa mama wa miaka 70 ambaye miguu yake huvimba, saa 15 si mchezo. Amwone daktari kabla, aulizie soksi za kubana. Mchagulie kiti cha kando ya njia ili asimame na kutembea mara kwa mara, na anywe maji. Omba mapema kiti cha magurudumu. Hakilipiwi, na foleni ya uhamiaji JFK inaweza kuwa ndefu sana.

Na tafadhali sana, 23:55 ya Ijumaa ni Ijumaa hiyohiyo, saa sita kasoro dakika tano usiku. Awe uwanjani kufikia saa mbili usiku.