Siku moja kwenye hifadhi ya taifa ya Joshua Tree inatosha?

Inatosha ndugu yangu, ila uingie alfajiri, maana jangwa lile la California halina huruma mchana. Anzia Skull Rock: maji ya mvua yalituama vishimoni, yakaula mwamba taratibu mpaka ukatoboka macho mawili kama fuvu. Kisha nenda Barker Dam, ukae kimya. Bwawa likiwa na maji, kondoo mwitu wenye pembe zilizojikunja hushuka kunywa. Lakini mimi aliyeniteka ni chuckwalla, mjusi mnene hivi. Akishtuka anajichomeka kwenye ufa wa jiwe, anajijaza hewa hadi anabana, humtoi ng'o! Maji beba lita 4 kila mtu. Ndani huko hamna duka.