Zijlstra alikuwa waziri, hakuwa "kama" waziri

SWALI: Natafsiri wasifu wa Jelle Zijlstra, mwanauchumi na mwanasiasa wa Uholanzi. Nimeandika hivi: "Zijlstra alihudumu kama Waziri wa Uchumi kutoka 1952 hadi 1959, alihudumu kama Waziri wa Fedha hadi 1963, na baadaye alihudumu kama Waziri Mkuu na kama Rais wa Benki Kuu." Mwenzangu anadai mkuu wa benki kuu ni gavana, si rais. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mko sahihi nyote wawili, na hilo tulimalize upesi maana lipo linaloniwasha zaidi. Tanzania na Kenya, benki kuu ina gavana. Uholanzi, anayeongoza De Nederlandsche Bank, yaani benki kuu ya huko, huitwa rais. Kwa msomaji wa gazeti, "Gavana wa Benki Kuu ya Uholanzi" inatosha, mradi usiifupishe: Wakenya wana magavana 47 wa kaunti tangu 2013. Kwenye tafsiri ya hati, fuata cheo chenyewe, yaani "Rais wa Benki Kuu ya Uholanzi". Ila usithubutu kuandika "Rais Zijlstra" peke yake. Ile ni nchi ya kifalme, na enzi hizo, hadi 1980, aliyekalia kiti ni Malkia Juliana.

Sasa tuje kwenye "alihudumu kama". Mara tatu katika sentensi moja, ndugu yangu, na "kama" ya nne umeipachika mkiani!

Asili ya maneno haya haina kesi. Hudumu ni la Kiarabu, ukoo mmoja na huduma, mhudumu na hadimu. Kama nalo limetoka hukohuko. Kesi ni ndoa yao. "Kama" ya Kiswahili kazi yake ni kufananisha, kukisia au kuweka sharti. Ukisema "Bibi alimlea kama mwanawe", kila anayesikia anajua mtoto si wake. Ukisema "walikuja watu kama kumi", huenda ni tisa. Basi anayesoma kwamba Zijlstra "alihudumu kama Waziri wa Uchumi" ana haki ya kuuliza: kwani waziri mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa anaumwa? Maskini Zijlstra! Aliingia wizara ile tarehe 2 Septemba 1952, akiwa na umri wa miaka 34, kwa uteuzi halali kabisa, na watafsiri wetu wanamfanya mtu wa kujifananisha.

Siipigi marufuku "kama" kila mahali. "Alikitumia chumba kile kama ofisi" ni Kiswahili safi, kwa sababu chumba kimebaki chumba. Zijlstra hakutumika badala ya waziri. Alikuwa ndiye.

Hasara kubwa zaidi ni habari zinazomezwa. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kueleza mtu alivyokipata cheo na alivyokiacha: kuteuliwa, kuapishwa, kukabidhiwa, kushika, kukaimu, kurithi, kung'atuka. "Alihudumu kama" inavifyeka vyote, na tazama ilichokuficha wewe mwenyewe. Desemba 1958 mawaziri wa PvdA, yaani Chama cha Kazi, walitoka serikalini. Tarehe 22 ya mwezi huo Zijlstra akakabidhiwa Fedha bila kuachia Uchumi, akashika wizara zote mbili hadi Mei 1959. Sentensi yako inamfanya amalize moja ndipo aanze nyingine. Ungelazimika kutafuta kitenzi, ungeligundua hilo.

Halafu 1966. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba, serikali ya Waziri Mkuu Jo Cals iliangushwa na hoja ya mbunge Norbert Schmelzer kuhusu bajeti. Zijlstra akaunda serikali ya mpito, akaapishwa tarehe 22 Novemba, akawa Waziri Mkuu na papo hapo Waziri wa Fedha, hadi Aprili 1967. Hapo "kama" inaleta madhara ya kweli: serikali ni ya mpito, na msomaji akikuta "kama Waziri Mkuu" atadhani alikuwa anakaimu. Hakukaimu. Waziri Mkuu wa serikali ya mpito ni Waziri Mkuu kamili.

Najua nitajibiwa kwamba taarifa za habari huisema kila jioni na lugha ni mazoea. Ni kweli, na vita hii nadhani nimekwisha kushindwa. Lakini wewe umeuliza, nami nakujibu. Ukitaka kueleza jambo alilofanya mtu akiwa na cheo fulani, "-ki-" inakungoja: "Akiwa Waziri wa Fedha, aliweka kanuni kwamba matumizi ya serikali yapimwe kwa mwenendo wa muda mrefu wa ukuaji wa uchumi, si kwa mapato ya mwaka mmoja." Ukipanga matukio, tumia "-ka-", usirudie "ali-" kama mtu anayepiga misumari.

Ningeandika hivi: "Zijlstra alikuwa Waziri wa Uchumi tangu 1952 hadi 1959. Mwishoni mwa 1958 alikabidhiwa pia Wizara ya Fedha, akaishika hadi 1963. Novemba 1966 akawa Waziri Mkuu wa serikali ya mpito, huku akishika tena Fedha. Mei 1967 akawa Rais wa Benki Kuu ya Uholanzi, akaiongoza hadi mwisho wa 1981, alipomwachia kiti Wim Duisenberg."

Hiyo "kutoka 1952" nimeibadili bila kukuuliza. Watu hutoka Tanga, hutoka kazini, hutoka jasho. Miaka ina "tangu" na "kuanzia", na zote mbili hazina kazi siku hizi.