Kitumbua husikika

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma juzi, jana nikaurudia, leo nimeona bora nikae chini niandike, maana kwenye simu mimi nikianza tu kunoga salio linakata. Umeniuliza: "Mama, huku Dodoma kila siku ni ileile. Amka, ofisini, rudi, lala. Wewe miaka ishirini ya vitumbua uliwezaje bila kuchizika?"

Kwanza ukweli wenyewe: nilichoka. Hao wanaosema mtu akipenda kazi hachoki, waulize waliamka saa ngapi. Kuna kipindi nilikuwa naamka saa tisa usiku, nalitazama lile rojo la mchele kama namtazama mkwe mkorofi. Macho yamevimba kwa moshi, ada yako haijatimia, mwenye nyumba anapiga hodi. Mtu angekuja kuniambia kuna uzuri pale, ningemtoa na mwiko.

Kilichonigeuza ni giza. Ilikuwa 2006, ule mwaka wa mgao, mvua zimekosekana na mabwawa ya umeme yamepungua maji. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Alfajiri moja umeme haukurudi, na koroboi nayo ikaishiwa mafuta ya taa. Rojo limeshaumuka, nikilisubirisha litachachuka. Mkaa ulikuwepo. Nikasema potelea mbali, nachoma hivihivi. Sasa mkaa unamulika chini ya chuma, huku juu huoni hata kidole chako.

Basi nikaanza kusikia. Rojo likigusa mafuta ya moto linapiga kelele, chwaaa. Kelele zinashuka, zinakuwa kama manyunyu kwenye bati la jirani. Halafu katikati panakuwa kimya, inabaki pembeni tu, tki, tki, tki. Hapo ukingo umeachia. Ingiza spoku ya baiskeli, zungusha kidogo, kitumbua kinageuka chenyewe wala hakibishi. Ukizubaa, zile tki zinakufa na pua ndiyo inakuambia umechelewa. Chuma changu kina vishimo saba, na cha katikati ndicho kinachopata moto mkali, kwa hiyo kinawahi wenzake. Kwa miaka nilikuwa nakiunguza hicho na kulaumu mkaa!

Kulipopambazuka nikaviangalia kwenye beseni. Vyekundu vyote, hata kimoja hakijaungua. Wateja walikula, wakafuta midomo, wakaenda zao. Nilitamani kumwambia mtu, lakini ningemwambia nini? Kwamba nimesikia vitumbua?

Unasema siku zinafanana. Mimi hamira ndiyo iliyonikatalia. Januari, kwenye lile joto la kaskazi, rojo nikilikoroga saa nne usiku, saa nane limeshajaa linataka kumwagika. Upepo wa kusi ukishika, Juni hadi Julai, sufuria naifunika kwa khanga mbili kama mtoto mwenye homa na bado rojo linanichelewesha. Na jua nalo halina saa moja. Novemba linachomoza kabla ya saa kumi na mbili, Julai linangoja mpaka saa kumi na mbili na nusu ipite, kwa hiyo kuna miezi nilifika barabarani gizani na miezi nilifika watu wananiona nilivyovaa kandambili tofauti. Hayo ukiyaishi mwaka mmoja huyaoni. Ni kurudia ndiko kulikonifunulia.

Wateja pia walibadilika. Pale Magomeni Mapipa, hapa Dar, wateja wangu wakubwa walikuwa makonda na madereva wa daladala, watu wa kununua vitano na kulipa vitatu, viwili "kesho mama". Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza, daladala zikaondolewa Morogoro Road, na madeni yangu yakaondoka nazo. Abiria wa mwendokasi ana haraka, anataka kufungiwa kwenye gazeti, hakai. Nililia kwa wiki mbili hivi. Ila masika, maji ya mto Msimbazi yakijaa Jangwani na mabasi kusimama, walewale wenye haraka walirudi kwa miguu, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakakaa kwenye benchi langu. Mmoja ambaye alikuwa akinunua kwangu kila siku bila kuniangalia usoni aliniuliza siku hiyo, "Kumbe unatia hiliki?"

Lakini sikiliza. Sijasema shida ni tamu, na usinitolee mahubiri yangu mwenyewe. Kama kinachokuchosha ni bosi anayekutukana mbele za watu, hilo usilitafutie uzuri, litafutie kazi nyingine. Ila kama ni kurudia tu, chai ileile, njia ileile, mlango uleule wa ofisi, hapo nitakuuliza: mlango wenyewe unalia vipi ukifunguliwa? Asubuhi yenye vumbi la Dodoma unalia vilevile? Hujui. Mimi nilikaa miaka mitatu sijui, na nilikuwa nimeinama juu ya chuma chenyewe.

Siku hizi nachoma Ijumaa tu, na mdogo wako kaninunulia chuma kipya chenye vishimo kumi na viwili ambacho bado hatujazoeana. Kile cha vishimo saba nakutumia. Binamu yako anapanda treni ya SGR Jumamosi, nimemkabidhi kwenye kiroba, spoku nimeifunga pembeni na kitambaa. Mchele loweka usiku, tui liwe zito, na cha katikati kigeuze kwanza. Chuma usikisugue kwa sabuni, kipanguse tu kwa mafuta kikiwa cha moto. Ukitia sabuni kitanata, na mimi nitajua.

Mama yako