Bunge likivamiwa, mwanasiasa anawajibishwa kwa sheria ipi?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nafundisha somo la uraia, na wanafunzi wangu wameniuliza jambo ambalo sikutaka kulijibu kwa kubahatisha. Januari 6, 2021, umati ulivamia jengo la Bunge la Marekani wakati kura za urais zinahesabiwa. Januari 8, 2023, Brazili nayo ikavamiwa Bunge, Ikulu na Mahakama ya Juu ya nchi siku moja. Brazili rais wa zamani amehukumiwa kifungo. Marekani rais aliyeshtakiwa amerudi madarakani na kesi yake imefutwa. Je, tofauti hii ni ya kisheria, au ni siasa tu? Wabunge wanaotuhumiwa kuunga mkono, kinga yao inaishia wapi? Na katika katiba ya nchi yoyote, mtu aanze kusoma kifungu kipi?

JIBU: Mwalimu, nashukuru kwa swali. Tofauti ni ya kisheria kuliko watu wanavyodhani. Nchi zote mbili zilikuwa na makosa ya jinai ya kutosha kwenye vitabu vyao. Kilichozitenganisha ni nani aliyepewa mamlaka ya kuamua, na muda uliopita kabla hajaamua.

Niondoe kwanza dhana moja. Wengi huamini kesi ya namna hii husimama au kuanguka kwa maneno ya mwanasiasa jukwaani. Mwendesha mashtaka mzoefu huikwepa njia hiyo kadiri awezavyo. Marekani kipimo kiliwekwa mwaka 1969 katika kesi ya Brandenburg dhidi ya Ohio: maneno hayawi kosa mpaka yawe yamelenga kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo, na yawe yanaelekea kweli kuuleta. Sasa chukua hotuba ya Donald Trump ya siku ile. Ndani ya hotuba hiyohiyo aliwahimiza wafuasi wake wapigane vikali, na aliwaambia waende wakapaze sauti kwa amani na uzalendo. Wakili wa utetezi angeishika sentensi ya pili asiiachie mpaka mwisho wa kesi.

Ndiyo maana hati ya mashtaka iliyofunguliwa na Jack Smith, mwendesha mashtaka maalumu, Agosti 1, 2023, ilikuwa na makosa manne na hakuna hata moja la uchochezi. Hati yenyewe ilikiri kwamba Trump alikuwa na haki ya kusema, hata kwa uongo, kuwa kura zimeibiwa. Iliyoyashtaki ni matendo: kuandaa orodha bandia za wajumbe wanaompigia rais kura kwa niaba ya majimbo, katika majimbo saba; kumshinikiza Makamu wa Rais Mike Pence azikatae kura halali; kutaka kuitumia Wizara ya Sheria kuyapa uzito madai ya wizi. Trump alikana yote.

Brazili walifuata mkondo huohuo. Jair Bolsonaro, rais wa zamani uliyemtaja, siku ya uvamizi hakuwepo hata nchini, alikuwa Florida, Marekani. Kama kesi ingejengwa juu ya Januari 8 peke yake, ingekuwa nyepesi. Waendesha mashtaka wakarudi nyuma mpaka miezi kabla ya hapo: rasimu ya amri ya rais ya kubatilisha matokeo ya uchaguzi, na vikao na wakuu wa majeshi. Kamanda wa jeshi la nchi kavu na wa jeshi la anga walisimama wakaeleza kwamba walielezwa mpango huo wakaukataa. Msaidizi wake wa karibu wa kijeshi, Mauro Cid, alikubali kushirikiana na wapelelezi. Ushahidi wa mtu aliyekuwa chumbani hauna mbadala katika kesi kama hizi, na wanafunzi wako wakumbuke hilo kuliko video zote za vioo vilivyovunjwa.

Brazili ilikuwa na kitu kingine ambacho Marekani haikuwa nacho kwa namna ileile: sheria mpya iliyoandikwa kwa hali kama hiyo. Sheria namba 14,197 ya Septemba 2021 ilifuta sheria ya zamani ya usalama wa taifa iliyoachwa na utawala wa kijeshi, ikaingiza kwenye kanuni ya adhabu makosa mawili yaliyo wazi: kujaribu kwa nguvu kuondoa utawala wa kidemokrasia, na kujaribu kuiangusha serikali iliyoundwa kihalali. Zingatia neno “kujaribu”. Mapinduzi yakifanikiwa hakuna anayebaki wa kuyashtaki, kwa hiyo sheria yenye akili huadhibu jaribio lenyewe. Aliyeitia saini sheria hiyo ni Bolsonaro mwenyewe, akiwa rais.

Sasa kinga ya wabunge. Katiba ya Marekani, Ibara ya 1, fungu la 6, inasema mbunge hatahojiwa mahali pengine popote kwa hotuba au mjadala ndani ya Bunge. Wabunge 147 walipiga kura ya kupinga matokeo ya jimbo moja au zaidi usiku uleule, vioo vikiwa bado sakafuni. Kura hiyo haiwezi kushtakiwa. Mimi nasema ni sawa isishtakiwe, maana mahakama ikianza kuadhibu kura za wabunge, kesho itakayoadhibiwa ni kura ya upinzani. Lakini kinga hiyo inafuata kazi ya kutunga sheria, haimfuati mtu. Mahakama ya Juu ya Marekani ililieleza hili mwaka 1972 katika kesi mbili, ya Gravel na ya Brewster: kupanga uhalifu nje ya ukumbi, au kupokea rushwa, si kazi ya kibunge hata anayefanya akiwa seneta. Ugumu uko katikati, kwenye simu na ujumbe wa mbunge kwenda kwa watu wa nje. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua, katika suala la simu ya mbunge Scott Perry, kwamba mawasiliano ya aina hiyo lazima yapimwe moja moja. Hapo upelelezi hupoteza miezi.

Brazili mpaka huo ulijaribiwa waziwazi. Alexandre Ramagem, mbunge na mkuu wa zamani wa idara ya ujasusi, alikuwa miongoni mwa washtakiwa. Katiba ya Brazili inaliruhusu Bunge kusimamisha kesi ya mbunge kwa makosa yaliyotendwa baada ya kuthibitishwa rasmi kuwa amechaguliwa. Mei 2025 Bunge likapiga kura, 315 kwa 143, kusimamisha kesi nzima. Mahakama ikajibu kwa kusoma tarehe. Ramagem alithibitishwa Desemba 2022, hivyo kusimamisha kungehusu makosa ya baada ya hapo tu, yaani uharibifu wa mali wa Januari 8. Makosa mazito ya kula njama yalianza kabla, kesi ikaendelea, na akahukumiwa pamoja na wenzake.

Nije kwenye kiini, yaani nani anaamua. Marekani suala lilianzia mikononi mwa wanasiasa, na wahenga walishaonya juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Baraza la Wawakilishi lilimfungulia Trump shtaka la kibunge la kumwondoa madarakani, si la jinai, Januari 13, 2021, kwa kura 232 dhidi ya 197, wakiwemo wabunge 10 wa chama chake. Seneti ikapiga kura Februari 13: 57 walisema ana hatia, 43 wakakataa. Wingi huo hautoshi, kwa sababu katiba inadai theluthi mbili, yaani 67. Mitch McConnell, aliyekuwa kiongozi wa Warepublican katika Seneti, alisema Trump anabeba lawama ya kilichotokea, lakini hakumtia hatiani, kwa hoja kwamba ameshatoka madarakani na mahakama za jinai zipo.

Kuanzia hapo kila chombo kilimpokeza mwenzake. Seneti ilielekeza mahakamani. Mashtaka ya mahakamani yalichukua zaidi ya miaka miwili kufunguliwa. Wakati huohuo jimbo la Colorado lilijaribu njia nyingine, fungu la 3 la Marekebisho ya 14 ya Katiba. Fungu hilo liliidhinishwa 1868 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na linamzuia kushika wadhifa mtu aliyewahi kuapa kuilinda katiba kisha akashiriki uasi. Mahakama ya jimbo ikamwondoa Trump kwenye karatasi ya kura. Machi 4, 2024, Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo bila jaji hata mmoja kupinga matokeo: jimbo halina mamlaka ya kumzuia mgombea wa urais, na majaji watano wakaongeza kwamba kazi hiyo inahitaji sheria ya Bunge. Bunge ambalo lilishashindwa.

Machi 4 hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imepangwa na jaji Tanya Chutkan kuwa siku ya kuanza kusikiliza kesi ya jinai. Haikuanza, kwa kuwa rufaa ya kinga ya rais ilikuwa haijamalizika. Julai 1, 2024, Mahakama ya Juu iliamua, majaji sita kwa watatu, kwamba rais ana kinga kamili kwa mamlaka yake ya msingi ya kikatiba, na kinga ya kukisiwa kwa matendo mengine ya kiofisi, yaani inadhaniwa ipo mpaka mwendesha mashtaka aonyeshe vinginevyo. Kesi ikarudi chini ikachambuliwe upya kipi ni cha kiofisi. Novemba Trump akashinda uchaguzi. Novemba 25 kesi ikafutwa kwa ombi la Smith mwenyewe, kwa sababu sera ya Wizara ya Sheria hairuhusu rais aliye madarakani kushtakiwa. Hakuna mahakama iliyosikiliza ushahidi ikasema ana hatia au hana, na hilo linaniuma kama mwanasheria, upande wowote ungeshinda.

Kwa wabunge wa kawaida hali ilikuwa hivyohivyo. Kamati maalumu ya Bunge iliyochunguza uvamizi ule iliwapeleka wabunge wanne kwenye kamati ya maadili Desemba 2022 kwa kukataa wito wa kutoa ushahidi. Mmoja wao, Kevin McCarthy, mwezi uliofuata akawa Spika. Kumfukuza mbunge nako kunadai theluthi mbili. Mwaka 1856 mbunge Preston Brooks alimpiga Seneta Charles Sumner kwa bakora ndani ya ukumbi wa Seneti mpaka akazirai. Kura za kumfukuza zilikuwa 121 dhidi ya 95. Hazikutosha. Alijiuzulu, na wapiga kura wake wakamrudisha.

Brazili uamuzi wa kwanza haukutoka kwa wanasiasa kabisa. Nchi ile ina mahakama ya uchaguzi ya kudumu, na Juni 30, 2023, ilimzuia Bolsonaro kugombea mpaka 2030, kwa majaji watano dhidi ya wawili. Na haikugusa uvamizi: ilihukumu kikao cha Julai 2022 ambamo aliwaita mabalozi na kuushambulia mfumo wa kura bila ushahidi, akitumia wadhifa na vyombo vya serikali. Kosa dogo lenye ushahidi kamili liliamuliwa mapema, na kesi kubwa ikasikilizwa bila kukimbizana na tarehe ya uchaguzi wenye jina lake. Hukumu ya Septemba 11, 2025, ilikuwa miaka 27 na miezi mitatu.

Usiwaambie wanafunzi kwamba Brazili ndiyo mfano usio na dosari. Kesi ilisikilizwa na jopo la majaji watano wa mahakama ya juu kabisa, kwa hiyo mlango wa rufaa ya kawaida ulikuwa mwembamba. Jaji aliyeiongoza, Alexandre de Moraes, alitajwa katika mashtaka kuwa mmoja wa waliokusudiwa kuuawa. Mahakama ilikataa maombi ya kumtaka ajitoe. Ningependelea angejitoa. Hukumu nzito kama ile ilistahili kutobeba swali hilo.

Kuhusu vifungu vya kuanzia, soma kwanza kile kinachotaja idadi ya kura za kumwondoa mbunge au rais, na uulize kama kuna chombo huru kinachoweza kuamua wanasiasa wakishindwa. Kisha soma kinga ya bunge: je, inalinda kazi au inamlinda mtu? Halafu angalia uwezekano wa kuzuiwa kugombea. Marekani fungu la 3 halikufa lote. Couy Griffin, aliyekuwa kamishna wa kaunti huko New Mexico, aliondolewa kwa fungu hilo Septemba 2022, maana jimbo bado linaweza kulitumia kwa nyadhifa zake lenyewe.

Kifungu cha msamaha ndicho husahaulika. Januari 20, 2025, Trump aliwasamehe takribani watu 1,500 wa uvamizi ule na kuwapunguzia adhabu wengine 14. Stewart Rhodes, mwanzilishi wa kundi la wanamgambo la Oath Keepers, aliyekuwa amefungwa miaka 18 kwa kula njama ya uasi, alitoka. Lakini msamaha wa rais wa Marekani unahusu makosa dhidi ya serikali ya shirikisho. Haugusi makosa ya sheria za majimbo, na haufuti madai ya fidia. Polisi na wabunge kadhaa wamemdai Trump fidia, baadhi yao wakitumia sheria ya 1871 iliyotungwa dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la kigaidi la wabaguzi weupe, na Desemba 1, 2023, mahakama ya rufaa ya Washington ilikataa kuyatupa madai hayo kwa hoja ya kinga, ikisema rais anayetafuta kuchaguliwa tena hufanya hivyo kama mgombea, si kwa niaba ya ofisi.