Mpiga Piano na Ugonjwa wa Neva: Maswali ya Wasomaji

Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia hujikunja vyenyewe ninapopiga piano, ingawa sina maumivu. Nimeongeza saa za mazoezi na hali inazidi kuwa mbaya. Nifanye nini?

Punguza mazoezi kwanza, kisha umwone daktari bingwa wa mfumo wa neva, hasa aliyezoea kuwatibu wanamuziki. Ni daktari atakayekupima ndiye awezaye kuthibitisha, lakini dalili zako zinafanana na za distonia, hali ambayo chanzo chake ni namna ubongo unavyoiamuru misuli, wala si udhaifu wa misuli yenyewe. Kwa kuwa mara nyingi haiumi, mgonjwa hudhani amezembea, akajitesa kwa mazoezi zaidi. Ndivyo alivyofanya mpiga piano Mmarekani Leon Fleisher, mshindi wa shindano la muziki la Malkia Elisabeth mjini Brussels mwaka 1952, mkono wake wa kulia ulipoanza kumwasi katikati ya miaka ya 1960.

Je, Fleisher alipona?

Alipata nafuu, kupona ni jambo jingine. Katika miaka ya 1990 alianza kudungwa sindano za sumu ya botulinamu, ambayo huzuia ujumbe wa neva usiufikie msuli, hivyo msuli uliokaza hulegea. Nguvu yake huisha baada ya miezi michache, na kipimo kikizidi kidole hulegea kupita kiasi. Mwaka 2004 alitoa albamu aliyoipiga kwa mikono miwili. Hata hivyo, binafsi naona miaka takriban thelathini iliyotangulia ndiyo yenye funzo kubwa zaidi, kwa sababu aliendelea kufundisha Baltimore, akaongoza okestra, na akapiga tungo za mkono wa kushoto pekee. Tungo hizo si makombo: mtunzi Mfaransa Ravel alimwandikia mpiga piano Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, utungo wa piano na okestra ambao hadi leo huwatoa jasho hata wenye mikono yote miwili.

Nina multipo sklerosisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia ubongo na uti wa mgongo) na huchoka ghafla. Je, niwaambie waandaaji wa matamasha?

Waambie unachohitaji, jina la ugonjwa ni lako kulitaja au kulificha. Kwa kuwa joto huweza kuzidisha dalili kwa muda, omba chumba chenye ubaridi, mapumziko ya kutosha kati ya mazoezi na onyesho, na usikubali kupiga usiku mbili mfululizo. Yote yaandikwe katika mkataba kabla hujatia saini. Wengi hukumbuka kwamba mpiga selo (ala ya nyuzi inayofanana na fidla kubwa) Jacqueline du Pré aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1973, na kwamba taaluma yake ya jukwaani ilikoma, lakini dawa ya kwanza ya kuupunguza kasi iliidhinishwa Marekani mwaka 1993 tu, miaka ishirini baadaye, hivyo yeye hakuwahi kuipata.

Je, ni aibu kuweka noti za muziki mbele yangu jukwaani kumbukumbu inapoyumba?

Hata kidogo. Mpiga piano mashuhuri Sviatoslav Richter, katika miaka yake ya mwisho, alipiga huku akisoma noti, taa ndogo ikimulika kurasa.